Mshono Usiokuwa Wake

Jumatano asubuhi, muda mfupi baada ya zamu kubadilishana, mwanamke mmoja aliingia kituo cha polisi amekumbatia mto wa kulalia uliofumuliwa upande mmoja. Akauweka juu ya kaunta, akasema, "Nimekuja kushtaki. Ushahidi ndio huu."

Konstebo wa zamu akauinua. Pamba ikamwagika sakafuni. "Dada, nani kakuibia usingizi?"

Wenzake wawili wakacheka. Mwanamke hakucheka. "Nilibakwa," alisema. "Miaka kumi na tisa iliyopita."

Kicheko kikakatika. Konstebo akajikuna shingo. "Sasa dada yangu, si ungekuja wakati ule?"

"Nimekuja wakati huu."

Mlango wa ofisi ya upelelezi ulikuwa wazi. Ndani yake alikaa mpelelezi wa kike wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Polepole, kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, na hata hivyo watu aliowatafuta walipatikana. Akatoka, akapiga magoti, akaiokota pamba yote mpaka ya chini ya meza, maana aliona macho ya yule mwanamke yanafuata kila kipande kinachodondoka. Kisha akaubeba mto kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike.

"Karibu ndani, mama. Huku kuna kiti chenye mgongo."

Mwanamke alikuwa msusi, mwenye saluni yake ndogo mtaa wa nyuma. Nywele zake zilisukwa vizuri kuliko za mtu yeyote kituoni, lakini gauni lake, safi kabisa, lilikuwa na makunyanzi kama limetolewa ndani ya chupa.

"Anza unapoweza," alisema Polepole. "Si lazima iwe mwanzo."

Msusi akaanza na mto. Jumapili alikwenda kumsalimia mama yake. Binti wa dada yake, aliyekuwa ametoka tu kumaliza shule, alikuwa amepata nafasi katika darasa la ushonaji la Mwalimu. Angeanza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na alikuwa ameambiwa aje na vitambaa vikuukuu vya kujifunzia. Bibi yake akampa mto wake mwenyewe aufumue. "Humo kuna kitambaa kizuri cha dril," bibi alisema. "Ni gauni la kwanza la mama yako mdogo. Sikuwa na moyo wa kulitupa."

"Foronya ilipotoka nikaliona," alisema msusi. "Mama alilifunga shingo, mikono na chini, akashindilia pamba. Nikaona na pale lilipochanika. Yaani wewe huwezi kupaona. Mimi napajua. Nikamnyang'anya mtoto mkasi."

"Lilichanika lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minane, nasoma darasa hilohilo. Gauni la kwanza kila mtu hujishonea mwenyewe, ndilo sare. Siku hiyo wenzangu walitoka kwenda kununua vifungo na msaidizi wake, tuliyemwita Dada Mkubwa. Mwalimu akaniambia nibaki nimalizie kupiga pasi. Akaingia chumba cha pasi. Akafunga komeo."

Polepole aliandika. Alipofika kwenye neno la sheria aliandika neno lenyewe, ubakaji, wala hakulizunguka. Maswali aliyolazimika kuuliza aliyauliza mara moja tu, na kabla ya yale mazito alisema, "Hili ni zito, na nina sababu ya kuliuliza."

"Lilichanika kwapani mpaka kiunoni," aliendelea msusi. "Baadaye alinitupia aproni nijifunike. Akachukua gauni, akakaa dirishani, akalishona. Mimi nipo kwenye kona, yeye anashona, mama, tena kwa utulivu, subana kidoleni, kama mteja anamngoja nje. Alipomaliza akasema, 'Kitu kikishonwa vizuri, hakikuchanika.' Akalipiga pasi. Akanipa likiwa la moto nilivae." Akashika pindo la gauni alilovaa. "Mpaka leo sivai nguo iliyopitiwa na pasi. Wateja wananicheka."

Polepole akaweka kalamu chini. "Maneno hayo aliyosema, na hiyo habari ya pasi, umewahi kumwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi usimwambie mtu. Hata mama yako. Nitakwambia siku ya kuyasema. Na swali hili nitaulizwa mimi, ndiyo maana nakuuliza wewe. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Jumatatu mtoto wetu anaingia chumba kile."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale mara mbili, isipokuwa ukurasa mmoja ambao Polepole aliubakiza mezani kwake. "Polepole, hii kesi ni saizi yako. Kama haijatoroka miaka kumi na tisa, haitatoroka leo." Kisha akavua miwani, utani ukaisha. "Neno la mtu mmoja na gauni kuukuu. Huyo Mwalimu kanishonea hata mimi suti ya harusi. Mwendesha mashtaka atanirudishia jalada kabla chai haijapoa. Wewe unamwamini?"

"Wiki iliyopita alikuja mtu kusema kaibiwa baiskeli. Hukuniuliza kama namwamini. Uliniambia nikaitafute."

Mkuu akavaa miwani tena. "Haya, katafute. Lakini kufika Jumatatu uwe na kitu cha pili, la sivyo utaandika 'ushahidi hautoshi' kwa mkono wako."

Mchana huo Polepole aliketi chumbani kwa mama yake msusi, mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na havikukunjuka tena. Alimpa mgeni kiti, yeye akakaa kitandani pasipo na mto.

"Mwanangu namjua," alisema. "Ana machungu yake. Lakini Mwalimu? Hapana. Kama kuna mtu alimharibu mwanangu, ni yule Gundi."

Gundi alikuwa mume wake wa pili, fundi viatu, baba wa kambo wa msusi.

"Alikwambia ni Gundi?"

"Hakusema kitu. Mtoto alirudi siku moja amebadilika. Hali, hasemi, darasa kaacha. Nyumbani mwanamume ni mmoja. Ningemshuku nani, jogoo?"

"Na Gundi ulipomuuliza?"

"Alinyamaza. Nikamtupia sanduku lake la nyundo nje. Mwenye haki hunyamaza?"

"Wengine hunyamaza," alisema Polepole. "Wazo la kumshuku Gundi lilikujia lenyewe?"

Bibi akaangalia dirisha. "Mwalimu alikuja kunipa pole mtoto alipoacha darasa. Alileta na maziwa. Akaniambia tu, kwa wema, 'Mama, kikulacho ki nguoni mwako.'"

Polepole akaandika methali ile neno kwa neno. Akatoa gauni kwenye mfuko wa vielelezo, akaonyesha pale shingoni lilipofungwa. "Hizi ni zako?"

Bibi akacheka bila kupenda. "Huoni? Mishono ya gunia. Mimi na sindano hatuamkiani."

"Na ubavuni hapa, uliwahi kushona?"

"Hapo pamefanyaje? Mbona pazima?"

Akapapasa kitambaa kwa kidole chake kilichopinda, hakuona kitu. Lakini mkono wake haukutoka pale upesi, na Polepole alipoaga ilibidi aliombe gauni mara mbili. Polepole alielewa. Kama mwanawe anasema kweli, basi mama huyu alimfukuza mtu asiye na hatia. Hilo ni zito la kubeba uzeeni.

*

Alhamisi alimkuta Gundi kwenye kibanda chake nyuma ya soko, jina lake limemganda mikononi. Alipoona kitambulisho aliweka nyundo chini taratibu.

"Nilijua siku moja mtakuja," alisema.

"Ulijua kwa nini?"

"Mtaa mzima ulisema. Polisi huwa wa mwisho kusikia."

Polepole akaingia ili akae. Msumari wa mlangoni ukashika mkono wa koti lake, ukauchana. Gundi akashtuka kuliko mwenye koti. "Pole, mama! Pole sana! Ule msumari nimesema nitaung'oa tangu mwaka juzi. Nipe, nipe nikushikishie."

Akashika sindano ya kiatu, uzi uliotiwa nta, akapiga mishono mitatu minene na fundo kubwa kila mwisho. "Sijui nyingine," alisema kwa aibu. "Kiatu kinavuta. Bila fundo hakikai."

Polepole aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akauliza moja kwa moja, "Ulimgusa yule mtoto?"

"Nilimgusa. Siku moja, begani." Gundi hakukwepa macho. "Nilikutana naye kwenye kona akitoka darasani. Jua kali, yeye anatetemeka. Nikavua koti, bado lina joto langu, nikamfunika. Alilitupa chini kama kaa la moto. Nikaliokota, nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani. Sikumuuliza. Labda ningemuuliza."

"Ulipofukuzwa, mbona hukusema si wewe?"

Gundi alichukua kiatu, akakiweka tena. "Ningesema si mimi, wangemgeukia yeye. Kama si huyu, basi nani? Sema! Wangembana, na mimi nilimwona, hakuwa na nguvu ya kusema. Nikaona, mimi ni mtu mzima, nina nyundo yangu. Nitakula popote."

Polepole hakuandika mara moja. Aliandika alipofika kituoni.

*

Ijumaa saa nne alisimama mlangoni pa darasa la Mwalimu. Safu mbili za cherehani, wasichana wameinamia kazi, sare zao zimenyooka kama karatasi. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na ushee, mpole, tepu shingoni. Msaidizi wake, Dada Mkubwa, alikuwa mwanamke mnene kidogo wa miaka arobaini, na ufunguo umening'inia kifuani pake kwa kamba. Gauni lake lilikuwa na makunyanzi kuanzia begani hadi chini.

"Pasi zote hizi," msichana mmoja alimnong'oneza mwenzake, "halafu yeye kama amelalia nguo." Wakacheka kwa pua. Polepole akasikia.

Alijitambulisha na kusema amekuja kwa shughuli ya polisi. Lakini macho ya Mwalimu yalikuwa yameganda kwenye mkono wa koti.

"Nani kakufanyia unyama huu?"

"Fundi viatu."

"Inaonekana. Livue, mama. Siwezi kuzungumza na mtu aliyechanika."

Polepole akalivua. Mwalimu akafumua mishono ya Gundi, akapindua koti, na kwa ncha ya sindano akavuta nyuzi kutoka ndani ya pindo la koti lenyewe, upande usioonekana. Kwa nyuzi hizo akaanza kuutililia mchaniko, akizipitisha juu na chini kama anafuma kitambaa upya.

"Sitii uzi wa dukani," alisema. "Uzi wa dukani ni msaliti. Leo unafanana, kesho nguo inapauka, wenyewe haupauki. Uzi wa nguo yenyewe utazeeka nayo. Na hakuna fundo, ona. Unarudi nyuma, unajificha."

"Umewafundisha wote hawa?"

"Hii?" Akacheka. "Hii hata Dada Mkubwa sijamfundisha, na niko naye tangu usichana wake. Mtu akijua yote atafungua darasa mbele ya lango lako."

Polepole akamtajia msusi. Sindano haikusita.

"Namkumbuka. Mkono mzito. Nyumbani kulikuwa na baba wa kambo, habari zake mbaya, ikabidi aache. Kwani kasema nini?"

"Uliwahi kubaki naye peke yenu?"

"Mama, hapa tuna mwiko. Mimi simpimi mwanamke, simshiki mwanafunzi nguo. Anayepimwa anapimwa na Dada Mkubwa. Anayechana, anashona mwenyewe, ndiyo masomo. Sijatia sindano kwenye sare ya mwanafunzi hata mmoja tangu nifungue darasa. Si ndiyo, wanangu?"

"Ndiyo, Mwalimu," waliitika wasichana.

Akakata uzi. Mchaniko haukuwepo tena. "Ngoja niunyooshe," alisema, akanyoosha mkono kuchukua pasi.

Kopo la pini likaanguka sakafuni. Dada Mkubwa alikuwa ameliangusha, na hakuinama kuziokota.

"Hapana, asante," alisema Polepole upesi. "Nitalivaa hivihivi."

Dada Mkubwa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

*

Usiku ule Polepole alikaa na gauni chini ya taa. Mishono ya msichana aliyekuwa na miezi minne tu darasani ilikwenda kama mlevi anayetafuta nyumba, kila uzi umeishia kwa fundo kubwa la uoga. Ubavuni tu, kutoka kwapani hadi kiunoni, kitambaa kilikuwa kizima na kimepauka sawasawa na kingine. Akapindua pindo. Ndani yake, upande usioonekana, nyuzi kadhaa zilikuwa zimevutwa, zikaacha mwanya mwembamba.

Kwa hiyo Mwalimu alilishona gauni ambalo amesema hakuligusa. Lakini wakili yeyote angesimama na kusema labda msaidizi alijifunza kwa kuchungulia, yeye ndiye mwenye kushika nguo za wasichana, yeye alishona na yeye anaficha. Na Dada Mkubwa kweli alikuwa anaficha kitu. Polepole hakuwa na shaka na hilo. Alichotaka kujua ni anamfichia nani.

Jumamosi jioni alibisha hodi kwake. Dada Mkubwa aliishi peke yake, chumba safi, hakina pasi.

"Kama umekuja kumsema Mwalimu, umepotea njia," alisema kabla mgeni hajakaa. "Mimi ni yatima. Kazi hii kanipa yeye. Ni baba yangu."

"Sikuja kusema. Nimekuja kukuomba jicho lako." Polepole akalitandaza gauni mezani. Hakutaja mtu, hakutaja chumba. "Hili liliwahi kuchanika. Nionyeshe wapi."

Dada Mkubwa aliinama, akapitisha kidole kuanzia chini. Kilipofika kiunoni kikasimama. Kikapanda taratibu mpaka kwapani, kikakaa pale.

Nje mtu alikuwa anamwita mtoto aje kuoga.

"La nani hili?" aliuliza Dada Mkubwa, ingawa mishono ile ya kilevi alikuwa ameisahihisha yeye mwenyewe.

"Unajua la nani."

"Siku ya vifungo." Akakaa. "Kila siku nilihakikisha natoka nao wote. Siku ile akasema huyu abaki, ana pasi za kumaliza. Nikasema moyoni, labda ilikuwa mimi peke yangu. Labda ni mimi nilikuwa na kosa. Tuliporudi nikamwona uso." Akashika ufunguo kifuani. "Tangu hapo chumba cha pasi nakifungua mimi, nakifunga mimi. Hakuniuliza kwa nini. Nilidhani nimelimaliza."

"Wewe ilikuwaje?"

"Yangu ilikuwa begani. Blauzi. Hata kutia uzi kwenye sindano sijui, nina wiki moja pale. Alinishonea. Akasema kitu kikishonwa vizuri hakikuchanika. Halafu akanipa..."

Polepole akainuka, akamimina maji kwenye kikombe, akamwekea karibu na mkono. Hakumsaidia neno, maana neno lile lilipaswa kutoka kwake mwenyewe.

"Akanipa ikiwa ya moto," alisema Dada Mkubwa.

Polepole akaandika.

"Hiyo blauzi iliishia wapi?"

"Ninayo. Usiniulize kwa nini. Mtu hutunza."

*

Jumatatu saa tatu Mwalimu aliketi mbele ya meza ya mkuu wa kituo, amevaa suti ya kijivu aliyojishonea. Mkuu alikaa pembeni. Polepole akalitandaza gauni mezani.

"Kazi ya nani hii?"

Mwalimu akavaa miwani. "Ya mwanafunzi. Mbovu."

"Yote?"

Vidole vyake vikatangulia kabla yake. Vilikwenda moja kwa moja ubavuni, vikasimama, na fundi akajua kuwa ameonekana. Akavirudisha mapajani.

"Hapa," alisema, "nadhani ni Dada Mkubwa. Nguo za wasichana ni shughuli yake. Ukiniuliza, huyo ndiye wa kuulizwa. Kuna mambo yanafanyika nikiwa sipo."

"Ijumaa ulisema hujamfundisha."

"Atakuwa ameiba kwa macho."

"Na hii?" Polepole akaweka blauzi nyeupe kando ya gauni, bega likiwa juu. "Hii ni ya Dada Mkubwa, ya wiki yake ya kwanza kwako. Alikuwa hajui kutia uzi kwenye sindano. Hapo aliiba kwa macho ya nani?"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Dada Mkubwa aliingia, na nyuma yake msusi. Wote wawili nguo zao zilikuwa na makunyanzi, na mkuu wa kituo, aliyekuwa ameyasoma maelezo yote mawili asubuhi ile, aliziona akainamisha macho.

"Mwalimu," alisema Dada Mkubwa. "Miaka yote nimekuamkia. Leo sikuamkii. Nimesikia hapo nyuma ya mlango, unanitupia mimi."

"Binti yangu, hujaelewa..."

"Mimi si binti yako. Mtu hamshonei binti yake nguo namna hiyo."

Polepole akafungua jalada. "Hawa wawili hawakuwa wamezungumza tangu msusi aache darasa mpaka asubuhi hii. Mmoja nilimwandika Jumatano, mwingine Jumamosi. Niliyaficha maneno fulani, hata mkuu hakuyaona mpaka leo. Msusi alisema ulipomaliza ulitamka hivi: 'Kitu kikishonwa vizuri, hakikuchanika.' Dada Mkubwa kasema maneno hayohayo. Kila mmoja kasema ulimpa nguo ikiwa ya moto. Gundi, ambaye hajui neno lolote kati ya haya, kaniambia kuwa siku ile alimfunika msusi koti lenye joto la mwili wake, naye akalitupa kama kaa."

Macho ya Mwalimu yalishuka mezani. Alikuwa anaangalia mshono.

"Nieleze kitu kimoja," alisema Polepole. "Ungelishona vibaya, leo tungesema ni mkono wa mwanafunzi, na mimi ningeandika ushahidi hautoshi. Kwa nini hukulishona vibaya?"

"Siwezi," alisema Mwalimu. Lilimtoka kabla hajalizuia. Kisha, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, "Nani alitoka kwangu amechanika? Nitajie mmoja. Walitoka nguo zao nzima. Nilitengeneza. Ningekuwa mtu mbaya ningewaacha watoke vile."

"Wangetoka vile, ungeonekana wewe."

"Na nani angewasikiliza?" Akatabasamu kidogo, na lile tabasamu ndilo mkuu wa kituo alilolikumbuka baadaye mahakamani. "Mmoja yatima. Mwingine nyumbani kuna baba wa kambo."

"Ndiyo," alisema Polepole. "Hukumwokota tu yeyote. Ulimchagua asiye na mtu, na ukamchagua mwenye mtu wa kusingiziwa. Kisha ukapeleka maziwa nyumbani kwao, ukamwambia mama mtu, kikulacho ki nguoni mwako. Hukukosea, Mwalimu. Nguoni ndimo tulimokukuta."

Msusi alisogea mezani, akaweka kiganja juu ya mshono ule ulionyooka.

"Huu si wangu," alisema. "Mingine yote ni yangu."

Mkuu wa kituo akasimama, akavaa kofia, akasoma mashtaka. Aliyasoma mwenyewe, ingawa si kazi ya mkuu, na neno la sheria hakulizunguka.

Kabla ya wiki kwisha walikuja wanawake wengine wawili kituoni. Mmoja alikuja na sketi. Konstebo wa zamu aliwainukia, akawapa viti vyenye mgongo.

*

Jumatatu ile, msusi alipotoka nje, mama yake alikuwa kwenye benchi, na yule binti wa dada yake pembeni, amekaa tu, hakwenda darasani. Polepole alikuwa amewaambia yote yaliyoruhusiwa kusemwa.

Bibi hakuinuka. "Miaka yote hii nimekilaza kichwa juu yake," alisema. "Nikawa nasema, mwanangu hanipendi, lakini gauni lake ninalo. Nisamehe."

"Mama, mimi bado niko njiani," alisema msusi. "Wewe anza na Baba."

Wakaenda wote watatu mpaka nyuma ya soko. Mawingu yalikuwa yamefunika, upepo wa baridi unapeperusha makaratasi. Gundi aliwaona wakiwa mbali. Akasimama, akakipangusa kigoda chake kwa aproni, mara mbili, kisha akatazama msumari wa mlangoni akachukua koleo akaung'oa.

"Nimekuja..." alianza bibi, na hakuweza kufika mbele.

"Kaa kwanza," alisema Gundi. "Umetembea."

Bibi akakaa, akajifunika uso kwa vidole vyake vilivyopinda. Gundi alisimama karibu, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akamwona msusi amejikunyata kwa upepo. Akavua koti lake, akalinyoosha kuelekea mabegani pake, mara akasita, akakumbuka siku lilipotupwa kama kaa la moto. Akalirudisha. Akatoka nalo nje ya kibanda, akalikung'uta na kulipeperusha upepo ukalipiga pande zote, muda mrefu, watu wa soko wakawa wanamwangalia.

Akarudi, akalishika kwa mkono ulionyooshwa, mbali kidogo, ili achukue mwenyewe.

"Limepoa," alisema.

Msusi akalichukua, akalivaa.